Maji ya Lokichar Katika Kadi za Kakuma

Chumba cha Kompyuta,
Mradi wa Visima,
Lodwar.
8 Aprili 1978

Kwa Binti Bilha Chelangat,
Msimamizi wa Kituo, Kakuma.

Binti,

Salamu. Sitarefusha utangulizi, kwa kuwa jambo lenyewe ni baya.

Jana nilisoma kwa mashine tepe za matundu za vituo vyote. Ya Kakuma ni ile iliyoletwa na lori la Ekwam tarehe 30 Machi. Ijumaa ya tarehe 31 hatukuwa na dizeli ya jenereta, ndiyo sababu ya kuchelewa. Mashine ilipokwisha kuchapa kurasa, nilizikagua kwa rula, mstari kwa mstari, kama nilivyokuwa nikisahihisha mitihani. Kisima cha Kakuma, ambacho maji yake hukaa mita kumi na nane chini ya mdomo, kimeshuka ghafla hadi mita ishirini na sita tarehe 27 Machi, kikabaki huko tarehe 28 na 29. Maji hayashuki mita nane kwa usiku mmoja. Tena tarakimu hizo tatu, hadi sentimita, ndizo tarakimu tatu za kwanza katika ukurasa wa kisima cha Lokichar: 26.14, 26.17, 26.11.

Mpimaji wako, Ekuru, hakupima siku hizo. Alikaa kivulini akanakili. Lakini si hilo linalonisumbua zaidi. Lokichar iko kusini kwetu, Kakuma iko kaskazini. Mtu wa Kakuma anapataje tarakimu za Lokichar? Amepewa. Na aliyempa ni mtu mwenye ufunguo wa chumba hiki, au aliyewahi kuwa nao.

Kamati ya Mradi itaketi tarehe 28. Nimependekeza Ekuru aachishwe kazi na ashtakiwe kwa kughushi. Mpaka hapo, mnyang'anye ufunguo wa pampu. Naye akisema lolote, liandike.

Wako katika kazi,
Elijah Omollo


Kakuma,
13 Aprili 1978

Shikamoo Mwalimu Omollo,

Barua yako ilinifikia jana kwa gari la misheni. Nimemnyang'anya Ekuru ufunguo kama ulivyoamuru. Nilimwita ofisini, hakuja, kwa sababu alikuwa na foleni ya watu wenye madebe. Ikabidi nimfuate pale pale pampuni, na wanawake wote wakasikia.

Umeniagiza niandike atakalosema. Alisema hivi: "Mimi nashuka na kamba asubuhi, napaka chaki, naona maji imelamba wapi, naandika. Huyo mzee ameona mimi nikiwa Lokichar? Mimi sijui hata mlango ya Lokichar." Kisha akanipa ufunguo. Mama mmoja, Nabei, akamsalimu kwa Kiturkana, "Ejok, Ekuru! Kesho tuandikie ziwa, tuvue samaki hapa hapa." Wakacheka. Yeye hakucheka. Alichukua fimbo yake na kigoda chake akaenda. Ana miaka sita katika kazi hii, Mwalimu, na ndiye mtu wa kwanza katika boma lake kuandika jina lake katika karatasi ya serikali.

Kadi zake za vipimo vya kila siku ninazo hapa. Ya tarehe 27 inasema 18.32. Ya tarehe 28, 18.35. Ya tarehe 29, 18.33. Tepe niliitoboa mimi kwa mkono wangu kutoka katika kadi hizo. Kwa hiyo kama kuna aliyeghushi, ni mimi, na aliyewahi kuwa na ufunguo wa chumba hicho ni mimi. Ungeandika tu jina langu, ningekuheshimu zaidi.

Naomba jambo moja rahisi. Ichukue tepe yenyewe, ishike dirishani, usome matundu ya siku hizo tatu kwa macho. Matundu hayadanganyi. Tepe mpya, ya wiki mbili zilizofuata, naituma leo kwa Ekwam.

Bilha Chelangat


Lodwar,
17 Aprili 1978

Binti Chelangat,

Marahaba.

Tepe uitakayo haipo. Kila Jumamosi huzichoma tepe zilizokwisha kusomwa. Ni utaratibu wangu tangu nilipokabidhiwa chumba hiki, nao unajulikana. Ulipokuwa hapa ulikuwa ukiziacha zimelala mezani kama utumbo wa mbuzi.

Kuhusu kadi: kadi huandikwa upya. Mtu aliyeshtakiwa tarehe 12 ana usiku mzima wa kuandika kadi tatu safi kabla ya tarehe 13. Sisemi kwamba ndivyo mlivyofanya. Nasema kwamba kadi si ushahidi.

Nimemhoji Ekwam dereva. Alikana kubeba tarakimu zozote, kisha akasema kwamba yeye huendesha lori na hajui kusoma "vidoti." Nimemwonya asibebe karatasi yoyote isiyopitia kwangu. Tepe yako mpya nimeifungia kabatini. Haitasomwa mpaka Kamati iketi, ili kusiwe na mchezo mwingine.

Nataka pia nikuulize, na ujibu kwa ukweli. Wewe ndiwe uliyemwandika Msimamizi, programu inayotawala programu nyingine zote katika mashine hii. Ulipohamishwa Januari kwenda Kakuma ulisema mbele ya watu kwamba nimekutupa jangwani ili nikae na mashine yako. Je, uliacha kitu ndani yake?

E. Omollo


Kakuma,
20 Aprili 1978

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama.

Ndiyo, nilisema ulinitupa jangwani. Nililisema kwa uchungu, na nusu yake bado naiamini. Lakini kuacha mtego ndani ya Msimamizi ni kama fundi kuacha msumari ndani ya kiatu alichokishona. Sikufanya.

Nami nina la kukuuliza. Unachoma ushahidi kila Jumamosi, unazuia dereva asibebe karatasi, unafungia tepe kabatini, kisha unaniuliza mimi nilichoficha. Ni nani aliyegusa programu yangu tangu Januari?

Na nina swali jingine dogo. Nijibu kwa tarehe tu. Nilipokuwa huko hapakuwa na tepe ya Lokichar. Kisima cha Lokichar kilianza kupimwa lini? Na hizo tarakimu tatu, 26.14, 26.17 na 26.11, ni za siku zipi?

Ekuru hayupo. Mkewe, Nakeno, anasema amekwenda kwa mbuzi, upande wa milimani, na kwamba hatakuja kuitwa mwongo mara ya pili. Pampu naifungua mimi. Nabei ameniuliza kama na mimi nitaandika ziwa.

Bilha Chelangat


Lodwar,
22 Aprili 1978

Binti,

Najibu kwa tarehe kama ulivyotaka. Kisima cha Lokichar kilianza kupimwa tarehe 30 Machi. Hizo tatu ni za tarehe 30 Machi, 31 Machi na 1 Aprili. Tepe yake ya kwanza ilifika hapa tarehe 6 Aprili, nami nikaisoma tarehe 7, mara tu baada ya ile ya Kakuma.

Nilipokwisha kuandika sentensi hizo niliiweka kalamu chini. Tepe ya Kakuma ilitoka kwako alfajiri ya tarehe 30. Maji ya Lokichar yalikuwa hayajapimwa hata mara moja. Mtu hawezi kunakili kitu ambacho hakijaandikwa. Hilo nalikubali, na nalikubali kwa maandishi.

Lakini kukubali hilo hakunipi raha, kunanipa shaka kubwa zaidi. Kama Ekuru hakunakili, basi mashine ndiyo iliyohamisha maji ya kisima kimoja ikayaandika katika kingine. Na mashine haifanyi ila iliyoamriwa. Aliyeiamuru ni wewe.

Unauliza nani aliyegusa programu yako. Februari mchwa waliingia kabatini wakaanza kula karatasi zako pembeni. Nikainakili programu yote kwa mkono wangu, kurasa thelathini na mbili, kwa wino, nikatoboa tepe mpya kutoka katika nakala hiyo. Naapa mbele ya Mungu kwamba sikubadilisha neno. Niliisafisha tu, kwa maana ulikuwa umeiandika kwa haraka, na maandishi yako ni kama nyayo za kuku.

Nakutumia nakala ya nakala hiyo kwa mkono wa padri, ambaye anaondoka mchana huu. Isome. Ukiupata huo msumari, uniambie ni wa nani.

E. Omollo


Kakuma,
24 Aprili 1978

Mwalimu,

Padri amekubali kunisubiri hadi saa nane, kwa hiyo naandika upesi. Tafadhali isome barua hii yote kabla ya kukasirika.

Fungua ukurasa wa kumi na nne.

Kumbukumbu ya mashine yetu ni ndogo. Niliigawa vyumba sitini na vinne. Kazi ya Msimamizi ni kutoa chumba kwa anayeomba, na kukichukua tena kinapokwisha kazi. Msimamizi hana macho. Hajui kilichomo chumbani wala nani yumo. Anajua hesabu moja tu, iliyoandikwa mlangoni: wangapi bado wanakitumia. Hesabu ikifika sifuri, anampa mwingine chumba hicho.

Sasa fuata tepe ya Kakuma. Programu inayosoma tepe huomba chumba na kukijaza tarakimu za siku tatu. Kisha huzikabidhi kwa programu inayoandika katika diski, nayo huzihamisha polepole, kwa sababu diski yetu ni mzee. Watumiaji ni wawili. Kwa hiyo niliandika amri ya kuongeza moja, na chini yake nikaiandika tena amri ile ile. Moja ni ya msomaji, moja ni ya mwandishi. Kila mmoja akitoka hupunguza moja, na chumba hakiachiliwi mpaka wote wawili watoke.

Katika nakala yako amri hiyo iko mara moja tu.

Hesabu inasoma moja. Msomaji anamaliza, anatoka, inasoma sifuri. Mwandishi bado yumo ndani, hajamaliza kunakili. Msimamizi anaona sifuri, anakitoa chumba kwa anayefuata mlangoni. Tarehe 7 aliyefuata alikuwa Lokichar. Akaingia, akamwaga siku zake tatu za kwanza juu ya siku tatu za mwisho za Ekuru, na mwandishi, ambaye haulizi, akaziandika katika diski kwa jina la Kakuma. Tarehe hazikuonyesha kosa, kwa sababu tarehe hazimo chumbani. Mashine huzihesabu yenyewe kuanzia kichwa cha tepe.

Utauliza mbona Februari na Machi hapakutokea kitu. Vituo vingine huleta tepe fupi ya wiki moja, na mwandishi humaliza kabla ya mgeni kubisha hodi. Yetu ni ya wiki mbili, kwa sababu ya lori, nayo humwacha mwandishi nyuma. Lakini Kakuma ilikuwa ya mwisho katika foleni. Hapakuwa na mgeni nyuma yetu, mpaka Lokichar ilipokuja.

Nina kosa langu, nalo nalitaja. Mwandishi alipokuwa akitoka na kutaka kupunguza hesabu iliyokwisha kuwa sifuri, Msimamizi alipaswa kupiga kelele na kusimama. Nilimfundisha anyamaze aendelee, kwa sababu nilikuwa na haraka na nilijiamini. Angepiga kelele, ungejua tangu Februari.

Sidhani uliapa uongo. Lakini Kamati inaketi Ijumaa, na mtu yuko milimani na jina la mwongo. Wewe peke yako ndiwe unayeweza kulitoa.

Bilha


Lodwar,
29 Aprili 1978

Binti Bilha,

Barua yako ilifika Jumanne. Sikuiamini. Naliandika hilo ili ujue.

Jumatano niliitoa kabatini ile tepe yako ya pili. Nilikaa dirishani, nikayasoma matundu ya siku tatu za mwisho kwa macho, ikanichukua asubuhi nzima. 18.30, 18.29, 18.34. Kisha nikawasha mashine nikaisoma tepe hiyo, na ya Lokichar ya wiki hii nyuma yake. Mashine ikachapa maji ya Lokichar. Nikairudisha amri yako ya pili katika ukurasa wa kumi na nne, nikatoboa upya, nikasoma tena. 18.30, 18.29, 18.34. Nilirudia mara nne, pamoja na amri na bila amri. Mara nne ilikuwa vile vile.

Baadaye nikazitafuta karatasi zako za kwanza, zile zilizoliwa na mchwa. Nilikuwa sijazitupa. Ukurasa wa kumi na nne ni mzima. Amri zote mbili zipo, na juu ya ile ya pili upo mstari wa wino mwekundu. Ni wangu. Miaka thelathini na moja nimefuta marudio katika insha za watoto. Nilipoona jambo moja limesemwa mara mbili bila neno kati yake, mkono ulipiga mstari kabla akili haijauliza, na akili haikuweka kumbukumbu yoyote. Nilipoapa, niliapa kwa moyo mweupe. Hilo halinisaidii.

Jana Kamati iliketi. Mwenyekiti alikuwa mwema kwangu. Alipendekeza waandike "hitilafu ya mashine," na Ekuru arudi kazini, mambo yaishe. Nilimwambia kwamba mashine haina hitilafu, na kwamba maneno hayo yangesomwa kuwa kosa ni la Bilha Chelangat aliyeiandika. Nikamwomba aandike: kosa ni la Elijah Omollo, aliyefuta asichokielewa, kisha akamshtaki aliyepima sawasawa. Ameandika hivyo. Ekuru amerudishiwa kazi tangu jana. Mimi nitakikabidhi chumba hiki mwisho wa Juni, na nimelitaja jina lako.

Nilimwandikia Ekuru barua ya kumwomba radhi, nikaichana. Aliaibishwa kwa mdomo, mbele ya watu wenye madebe. Nitapanda gari la misheni Alhamisi. Mtume Nakeno akamwite. Waambie akina mama nao wawepo, na hasa huyo Nabei. Usiniandalie la kusema.

Elijah Omollo


Kakuma,
11 Mei 1978

Shikamoo Mwalimu,

Natumai ulifika salama na mgongo umepoa baada ya barabara ile.

Uliondoka bila kujua kama neno lako limepokelewa, kwa sababu Ekuru hakukujibu. Alikusikiliza hadi mwisho, akaangalia mbuzi uliyemleta, akaenda zake. Niliona uso wako ulipokuwa ukipanda gari. Kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea baadaye.

Jioni ile mzee Akal, baba mkwe wake, aliamuru mbuzi achinjwe. Watu wakala. Nabei alisema, "Huyu mzee anaongea kama Biblia, lakini amekuja kwa miguu yake." Ekuru alikula mwisho, kidogo.

Jumatatu alfajiri nilikwenda kufungua pampu nikamkuta amekwisha kushusha kamba. Nikampa ufunguo. Aliupokea kama mtu anayepokea kitu kilichoanguka. Amepima Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Leo kadi tatu ziko hapa, tarakimu zimenyooka, tarehe ziko mahali pake. Mahali pa jina la mpimaji pako wazi.

Nilimwambia kadi isiyo na jina hairuhusiwi. Akasema, "Kupima nitapima, maji haina kosa. Lakini jina, huyo mzee aliichukua siku moja tu. Kurudisha, hiyo si siku moja. Aningoje."

Nilimuuliza ungoje hadi lini. Akasema hajui, na kwamba hata yeye anangoja.

Ningeweza kuliandika jina hilo mimi, wala usingejua. Sikutaka. Najua kanuni zako, Mwalimu, na najua ni wewe uliyeziandika. Kadi nazituma kama zilivyo, pamoja na tepe yake, kwa lori la leo.

Bilha


Lodwar,
12 Mei 1978

Binti Bilha,

Kadi tatu za Kakuma, zisizo na jina, zimepokelewa na kuingizwa.

E. Omollo